Pengo Juu ya Machimbo

Kufikia Jumatatu asubuhi kijiji kizima cha Llanhesgen kilikuwa kimekwisha kumhukumu Clive Ollerton, na watu wakarudi kwenye shughuli zao wakiwa na amani ya moyo. Mhalifu alikuwa mgeni, muuza mazulia kutoka Birmingham, na hilo liliwafaa wote. Ijumaa jioni, ndani ya baa, mbele ya watu kumi na mmoja, alisema kwamba Bedwyr Maddox akimshika mkewe kiuno tena, atamsukuma mlimani. Jumapili alfajiri Bedwyr, aliyekuwa akiwaongoza wageni mlimani kila wiki, alikutwa kwenye kibaraza cha mwamba ndani ya machimbo ya zamani ya mawe ya vigae, mita kumi na mbili chini ya ukingo, fahamu hana. Sasa alikuwa hospitalini, na madaktari hawakuahidi kitu.

Mkaguzi Selwyn Hopcyn hakuona la kumuumiza kichwa. Saa kumi na moja jioni angemfungulia Clive mashtaka ya kujaribu kuua. “Wewe kusanya makombo yaliyobaki,” alimwambia Sarjenti Mererid Pugh kwenye simu, kwa ile sauti aliyoanza kuitumia tangu apewe cheo ambacho Mererid naye alikiomba.

Mererid aliamua kuanzia kwa Luned Bebb, mtunza chumba cha urithi kilichokuwa ndani ya kiwanda cha zamani cha sufu. Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza aliiandika daftarini: Luned alikuwa akipanda mlimani na Bedwyr kila Jumatano, wawili tu, na kijiji kilikuwa na maoni juu ya jambo hilo. Ya pili hakuiandika popote. Walipokuwa na miaka tisa, kumi na kumi na moja, kwenye mashindano ya kughani mashairi ya wilaya, Luned alishika nafasi ya kwanza na Mererid ya pili, mara tatu mfululizo. Miaka thelathini na minne imepita, na Mererid angeweza bado kukuonyesha ubao wa jukwaa aliokuwa akiukodolea macho wakati Luned akipigiwa makofi.

“Mererid,” alisema Luned, akitoka nyuma ya kaunta na skafu yake ya kijani, “hujabadilika hata chembe. Kaa, shoga. Nikukatie mkate wa zabibu?”

“Leo niite Sarjenti.”

“Haya, Sarjenti. Nikukatie mkate wa zabibu?”

Mererid aliuchukua. Ulikuwa mtamu, jambo lililomkera zaidi.

“Wewe na Bedwyr. Kila Jumatano.”

“Tulikuwa tunatia alama njia ya urithi. Magofu, kanisa la zamani, machimbo. Wageni wanapenda kujua wanakanyaga nini.”

“Wawili tu?”

“Na kondoo mia tatu.”

“Watu wanasema, Luned.”

“Watu wa hapa wakikosa la kusema wanaugua. Unawajua, ndugu zako hawa.”

Ile sauti bado alikuwa nayo, laini, kila neno limewekwa mahali pake. Mererid aligeuza ukurasa kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika.

“Mumeo alikuwa wapi Jumamosi mchana?”

Luned alichukua kitambaa akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi. “Ithel? Nyumbani. Alikuwa anatengeneza ukuta wa banda la nguruwe.”

“Mchana kutwa?”

“Mchana kutwa. Nilimpelekea chai mwenyewe, mara mbili.”

Jibu lilitoka haraka mno, na hakuna aliyemuuliza habari za chai. Mererid alihisi raha ikimpanda, raha mbaya, ya mtu aliyeona ufa kwenye sahani ya jirani. Akainuka, akaenda kuzitazama picha ukutani ili uso wake usionekane.

Zilikuwa picha nane, na Bedwyr alikuwa katika saba. Bedwyr na kamba za kupandia mwamba, Bedwyr na mtumbwi ziwani, Bedwyr na watoto wa shule. Iliyokuwa kubwa kuliko zote ilimwonyesha ameshika nyundo ya mawe kando ya ukuta uliojengwa nusu, anacheka, na chini yake pameandikwa: Bedwyr Maddox, fundi wa kuta za mawe, akifundisha wageni ufundi wa mababu zetu. Pembeni mwa picha, pale ilipokatwa na fremu, palikuwa na kiwiko cha koti la kahawia na nusu ya kofia.

“Hiki kiwiko cha nani?”

“Cha Ithel. Yeye ndiye aliyemfundisha Bedwyr kujenga. Wikiendi mbili.”

“Wikiendi mbili, akawa fundi?”

“Bedwyr anajua kuongea na watu. Ithel akiongea na wageni wanadhani amewakasirikia.”

“Mbona hayumo kwenye picha?”

“Hapendi picha,” alisema Luned, na safari hii hakuwa na haraka.

Mererid aliandika: L. anadanganya kuhusu Jumamosi. Akapiga mstari chini yake, kisha wa pili. Mstari wa pili ulikuwa wake binafsi.

Janine Ollerton, mke wa Clive, alikuwa amekaa kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya wageni ya Bi Heulwen, na koti mwilini. Bi Heulwen alikuwa amezima kipasha joto. Alimfungulia Mererid mlango akamnong’oneza, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, kwamba yeye tangu siku ya kwanza macho ya yule bwana hakuyapenda.

“Alisema atamsukuma Bedwyr mlimani,” Mererid alianza.

“Clive humwambia kila mtu hivyo. Alimwambia daktari wa meno.”

“Ana wivu?”

“Ananionea wivu na paka wetu, afande. Paka dume akinilalia mapajani, Clive anahamia chumba kingine.”

“Na Bedwyr alikushika kiuno.”

“Alinifunga mkanda wa kupandia mwamba. Ulitaka aufunge shingoni?”

Mererid alijizuia kucheka. Tatizo la Clive lilikuwa muda. Jumamosi kundi la wageni tisa liliagana na Bedwyr pale juu ya machimbo saa nane na nusu mchana. Bedwyr alisema anabaki kidogo kupanga vifaa vya somo la kesho yake. Clive, aliyekuwa amenuna, hakuteremka na wenzake. Alionekana tena saa kumi kasorobo akiingia baa. Saa ya mkononi ya Bedwyr, ile aina inayohesabu hatua na mapigo ya moyo, ilikuwa imeandika pigo kubwa saa tisa kasoro dakika nane. Hayo Hopcyn alikuwa nayo yote, na yalimtosha.

“Mlipiga picha?”

Janine alimpa simu. Picha ya mwisho ilipigwa saa nane na dakika kumi. Wageni wamejipanga mbele ya ukuta, na watatu kati yao wamekaa kwenye pengo la upana wa hatua mbili, mawe yamelundikwa huku na huku. Nyuma yao pengo lilionyesha majani machache, halafu hewa tupu ya machimbo. Bedwyr amesimama katikati, ameinua juu kichupa cha bluu kama mtu aliyeshinda kombe.

“Hicho nini?”

“Alikikuta ndani ya ukuta. Aliubomoa kidogo asubuhi ile ili Jumapili tujifunze kuujenga. Alisema mafundi wa zamani walikuwa wakificha vitu humo. Alituchekesha sana, akajifanya anakunywa dawa.”

“Mumeo anajua kujenga chochote?”

“Clive?” Janine alimtazama kwa mara ya kwanza kama binadamu mwenzake. “Kutundika picha tu anamwita kaka yangu.”

Konstebo Gwyndaf alikuwa na mwaka mmoja kabla ya kustaafu na magoti yaliyokwisha kustaafu. Alipanda mlima nyuma ya Mererid huku akilalamika hatua kwa hatua.

“Tulikwisha kuja huku jana, Sarjenti. Mimi na kikosi cha uokoaji. Tulipima, tukapiga picha, tukapiga miayo. Unatafuta nini?”

“Pengo.”

“Pengo gani?”

“Ndiyo nakuuliza wewe. Jana alfajiri mlipitia wapi kufika ukingoni?”

“Kwenye ngazi ya kuruka ukuta, kule chini, kama watu wote.”

“Na ukuta hapa juu ulikuwaje?”

“Ulikuwa ukuta. Mzima. Nani anautazama ukuta mzima?”

Walikuwa wamefika. Mererid aliinua simu, alikojirushia picha ya Janine, akailinganisha: mti wa miba uliopinda kwa upepo, jiwe kubwa lenye doa jeupe, kilele cha nyuma. Ni hapa hapa. Ukuta uliwaangalia, ukiwafika kifuani, kutoka kwenye mti hadi kwenye jiwe, bila tundu la kupita hata mwanakondoo. Upande wa pili, hatua nne tu, ardhi iliisha.

Gwyndaf alitazama picha, akatazama ukuta, akavua kofia.

“Basi Bedwyr aliujenga mwenyewe,” alisema, “halafu akaanguka.”

“Saa nane na nusu wageni wanaondoka. Saa tisa kasoro dakika nane anaanguka. Dakika ishirini na mbili. Hili ni pengo la muda wa saa mbili, kwa fundi anayejua. Na kwa nini alizibe, wakati kesho yake ana darasa la kuliziba?”

Mererid alikuwa binti wa mfuga kondoo, na kabla hajajua kughani alijua kumpokeza baba yake kokoto za kujazia moyo wa ukuta. Alipiga magoti. Hatua chache kushoto palikuwa na kipande ambacho Bedwyr alikijenga na wageni mwezi uliopita. Kilijulikana kwa kibao. Mawe yake yalilazwa kwa urefu, uso mzuri nje, na Mererid alipoyasukuma kwa kiganja mawili yalicheza. Akasogea kwenye lile lililokuwa pengo. Kila jiwe lilikuwa limeingizwa kwa urefu ndani ya ukuta, kila moja limekalia mawili. Kuvu ya kijivu inayoota juu ya mawe ilikuwa yote nje, kama ilivyokuwa miaka yote. Alisukuma kwa bega. Hakuna kilichotikisika.

“Clive Ollerton alikuwa baa saa kumi kasorobo,” alisema. “Kuteremka tu ni dakika arobaini. Mtu aliyejenga hapa alikuwa hapa hadi saa kumi na moja.”

“Lakini kwa nini, Sarjenti? Umemsukuma mtu, au umemwona ameanguka. Unakimbia. Unakimbilia polisi au unawakimbia polisi. Hukai kupanga mawe.”

Kondoo jike na wanakondoo wawili walikuwa wamesogea hadi kwenye mti wa miba, wakala majani, wakaufuata ukuta taratibu hadi palipokuwa na pengo, ambapo sasa palikuwa na ukuta mzima. Mererid aliwatazama hadi wakapita.

“Ungeliacha wazi wewe?” alimwuliza Gwyndaf. “Mwezi Mei, wanakondoo kila mahali? Na machimbo pale?”

Gwyndaf alirudisha kofia kichwani. Baba yake naye alikuwa mfuga kondoo. Hakuna mtu aliyezaliwa kwenye bonde lile ambaye angegeuza mgongo na kuliacha.

Mererid alimpigia Hopcyn simu. Hopcyn alisikiliza dakika nzima, akawa anatafuna kitu.

“Pugh, hujaniletea kitu. Labda Ollerton alimsukuma, akaondoka, akaja mpita njia mwenye moyo mzuri akaziba.”

“Mpita njia mwenye moyo mzuri asiyesikia mtu anaugulia chini yake muda wa saa mbili?”

“Niletee mtu, usiniletee mawe. Saa kumi na moja.”

Ilikuwa saa saba kasoro robo.

Ithel Bebb alikuwa uani kwake, anachonga kishikio cha nyundo. Alikuwa amepita miaka hamsini na mitano, mpana, mkimya, mikono imechubuka kwenye vidole na mikwaruzo bado mibichi. Kijijini waliwaita watu kwa kazi zao, na yeye alikuwa Ithel Mawe tangu baba yake, Mawe wa kwanza, alipofariki. Nyuma yake lilionekana banda la nguruwe. Ukuta wake ulikuwa umebomoka upande mmoja, na majani yawashayo yalikuwa yameota katikati ya mawe hadi magotini. Hakuna mkono uliogusa pale mwaka huu.

Basi Luned alidanganya, kama Mererid alivyoandika. Njiani kuja Mererid alikuwa amejaribu kuipanga hadithi ambayo kijiji kingeipenda: mke, mpenzi, mume. Hadithi hiyo ilimfaa. Ingemtoa Luned barabarani ameinamisha uso, watu wamejipanga milangoni. Mererid alijua jinsi alivyoitamani, na kwa sababu alijua aliiogopa. Akafikiria kile kiwiko kwenye fremu.

“Mzee Ithel,” alisema, “nina ukuta unanishinda kuusoma. Njoo unisaidie.”

“Gwyndaf hawezi?”

“Gwyndaf hawezi kusoma saa.”

Ithel alitabasamu kidogo, akachukua kofia. Hakuuliza ni ukuta gani. Alitangulia mbele njia nzima, akapita magofu, akapita kanisa, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mti wa miba, akasimama.

Gwyndaf alikuwa akisubiri hapo na kamera ya kazi. Mererid alisimama ukutani, akaweka mkono juu ya mawe ya kichwani mwake.

“Basi ni hivi. Jumamosi hapa palikuwa na pengo. Bedwyr alilibomoa, halafu kabla hajapatwa na yaliyompata, akalijenga. Nataka jicho la fundi linithibitishie kwamba ni kazi nzuri.”

Ithel aliutazama ukuta, hakumtazama yeye. “Nani kasema ni Bedwyr?”

“Watu wote. Nani mwingine anayejenga siku hizi? Chumba cha urithi wameomba picha. Kitawekwa kibao hapa: ukuta wa mwisho wa Bedwyr Maddox, kama hataamka. Wageni watapanda hadi huku kuutazama.”

Ulikuwa uongo mtupu. Mererid aliutunga huku akijua pa kuuchomeka, kwa kuwa palikuwa pale pale palipomuuma yeye tangu ana miaka tisa.

“Tazama alivyoukaza,” aliendelea. “Hata kuvu ameirudisha nje. Nasikia wewe ulimpa wikiendi mbili tu. Kumbe mwanafunzi alikuwa anampita mwalimu, na mwalimu hana habari.”

Taya la Ithel lilisogea.

“Gwyndaf, piga. Kutokea upande huu, ionekane yote.”

“Usipige,” alisema Ithel.

“Kwa nini?”

“Huo si wake.”

“Labda siku ile alijitahidi.”

“Hajitahidi yule.” Sauti ilikuwa imeanza kumtoka, nene, ya mtu asiyezoea maneno mengi. “Bedwyr analaza jiwe uso nje ili lipendeze. Ndani anamwaga udongo na takataka. Moyo wa ukuta hajui ni nini, nilimwambia, akaniambia, mzee, moyo hauonekani kwenye picha. Huu una moyo. Safu ya tatu kutoka chini, nyuma ya jiwe lenye mshipa mweupe, ipo chupa ya bluu ya baba. Aliiweka mwaka tuliojenga, mimi nina miaka saba, nampa kokoto. Yule mpumbavu aliichezea mbele ya wageni kisha akaitupa majanini. Unafikiri Bedwyr angehangaika kuirudisha?”

Upepo ulipita kwenye mti wa miba. Gwyndaf alishusha kamera polepole, na wote watatu walikuwa wanatazama jiwe lenye mshipa mweupe.

“Hulazimiki kusema zaidi, Mzee Ithel,” alisema Mererid. “Utakachosema nitakiandika, na kitasomwa mahakamani.”

“Andika.”

“Ulipanda saa ngapi?”

“Niliwaona wageni wanashuka. Nikapanda kwa njia ya kondoo. Nikamkuta amekaa kwenye pengo anakula tufaha. Nikamwuliza, kwa nini hapa? Kuta zote hizi, kwa nini wa baba? Akasema kwa sababu hapa machimbo yanaonekana nyuma, picha zinatoka vizuri. Akanipiga bega. Akasema, usijali, mzee, kesho wageni wataujenga tena.” Ithel alitazama viganja vyake. “Nikamsukuma. Mara moja tu. Alikuwa amesimama, akarudi nyuma, akapitia pale pale alipopabomoa.”

“Ulimsikia huko chini?”

“Mwanzoni.”

“Alisema nini?”

“Aliita jina langu.”

Mererid aliandika. Kalamu ilikwama, akaijaribu pembeni mwa ukurasa.

“Na wewe ukafanya nini?”

“Kondoo walikuwa wanakuja. Jike wa Heulwen na wanakondoo wake pacha. Nikasema nilizibe kwanza hili pengo, kisha nishuke kupiga simu. Nilijenga kwa haraka nilivyoweza.” Alitafuta neno. “Si haraka. Siwezi kujenga kwa haraka. Nikaona chupa. Nikaona mawe ya baba, kila moja nalikumbuka lilipokuwa. Nilipoweka la mwisho kichwani, chini kulikuwa kimya. Nikadhani basi, amekwisha. Simu ya nini tena?”

“Hakuwa amekwisha.”

“Niliambiwa jana.”

“Na mtu mwingine yuko selo kwa ajili yako.”

“Yule wa mazulia.” Ithel aliinamisha kichwa. “Kila asubuhi tangu jana nilisema nitakwenda.”

“Imekuwa asubuhi mbili tu, Mzee Ithel, na zote umechonga kishikio.”

Mererid alimwambia Gwyndaf avae glavu atoe lile jiwe, na Gwyndaf alipolishika kwa mikono miwili akaanza kulivuta kama anang’oa jino, Ithel alipiga hatua mbele.

“Utauangusha wote. Niache mimi.”

Mererid alifikiri kidogo, akakubali, akasimama upande wa machimbo kati yake na ukingo. Ithel alitoa mawe ya kichwani, akayapanga majanini kwa mfuatano. Alishuka safu kwa safu bila kutikisa la jirani, hadi kwenye mshipa mweupe, akaingiza mkono kati ya kokoto, akatoa kichupa cha bluu, hakina hata ufa. Gwyndaf alikitia kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika saa: tisa na dakika ishirini. Kabla hawajamwambia lolote Ithel alikuwa amekwisha kuinama tena, anarudisha mawe. Walimngoja.

Mererid alimpigia Hopcyn. “Nimekuletea mtu,” alisema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi upande wa pili hapakuwa na mtu anayetafuna. Hopcyn alisema vizuri, vizuri sana, na kwamba yeye mwenyewe atazungumza na waandishi wa habari. Bila shaka, alisema Mererid, na roho ikamuuma mahali palepale pa siku zote.

Ithel alikuwa amemaliza. Alipangusa mikono kwenye suruali.

“Luned alisema nilikuwa nyumbani?”

“Alisema alikupelekea chai mara mbili.”

“Sikumwomba. Aliniona jioni na vumbi la mawe, akaniandalia maji, hakuuliza. Anadhani ni kwa ajili yake. Maneno ya watu yalimfikia, akadhani yamenifikia mimi.” Alitikisa kichwa. “Yalinifikia. Sikuyajali. Mwambie haikuwa kwa ajili yake.”

Akilini Mererid alimwona Luned nyuma ya kaunta yake, anafuta mahali pasafi, anadanganya polisi kwa ajili ya mume ambaye Luned aliamini amefanya jambo baya kwa kumpenda yeye mno. Maisha yake yote Luned alikuwa wa kwanza, na katika hili hakuwamo hata kwenye orodha. Habari hiyo ingemkata kuliko kifungo. Miaka thelathini na minne Mererid aliisubiri siku ya namna hii, na sasa akaona afadhali angetumwa Gwyndaf.

“Nitamwambia mwenyewe,” alisema.

Alitoa pingu, akazitazama, akazirudisha mfukoni. Njia ilikuwa na mawe na mtu yule alihitaji mikono yake. Gwyndaf aliinua kamera tena, maana ukuta ulipaswa kupigwa kwa ajili ya jalada, kabla na baada.

“Mtapiga picha kumbe?” aliuliza Ithel.

“Lazima. Ni ushahidi.”

“Na chini mtaandika jina la nani?”

Mererid alifungua daftari kwenye ukurasa mpya. “Litaje lote.”

“Ithel Gruffudd Bebb,” alisema, akamtajia herufi moja moja ili asikosee. Kisha akanyoosha kofia, akaenda kusimama kando ya ukuta, katikati kabisa, akamtazama Gwyndaf hadi alipopiga.